Mtaa bila magari na wenye ubaridi: mwongozo kamili kwa miji ya joto kama Tabora

Watu wengi wamejaribu hili jambo na wanakwama palepale. Wanakaa kikao, wanakubaliana magari yasipite tena, wanachimbia nguzo mbili mwanzo wa barabara, wanapanda miche arobaini siku moja, alafu ikifika mwezi wa kumi miche karibu yote imekufa, bodaboda wameshachonga kanjia pembeni ya nguzo, na barabara iliyoachwa wazi imekuwa uwanja wa vumbi wenye joto kuliko zamani. Basi wanahitimisha kwamba mambo haya ni ya Ulaya.

Sio ya Ulaya. Lamu na Mji Mkongwe wa Zanzibar wana vichochoro ambavyo gari haliingii, na watu wanatembea mchana wakiwa kivulini. Tatizo ni kwamba tunaanza na gari wakati adui ni jua. Kuondoa gari peke yake hakuupozi mtaa, kinachoupoza ni kile unachokiweka kwenye nafasi ambayo gari lilikuwa linaikalia. Kila mita unayomnyang'anya gari mpe mti, mpe baraza, mpe maji ya mvua, na umpe msimu huohuo. Shika hilo kwanza, mengine yote yanaanzia hapo.

Mwongozo huu ni kwa mtaa mdogo, tuseme barabara moja au mbili za ndani zenye kaya 20 mpaka 40. Usianze na kata nzima.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Tepu ya kupimia ya mita 30 au 50, kamba ndefu, vigingi kama 60, na chokaa ya kuchorea chini
- Fito iliyonyooka ambayo ukiichomeka inabaki mita 1 kamili juu ya ardhi
- Vipimajoto viwili vya kawaida hata vile vya kutundika ukutani, na makopo mawili ya bati yaliyopakwa rangi nyeusi au masizi
- Vipande vya kitambaa chepesi na vijiti virefu vya kuonyesha upepo
- Simu yenye dira, na daftari. Tumia daftari kweli, usiandike kwenye karatasi za kupotea
- Nguzo za kuzuia gari, zile za katikati ya njia ziwe za kung'oka zenye kufuli
- Sululu, majembe, samadi iliyooza vizuri debe mbili kwa kila shimo, fito na miiba ya kuzungushia
- Madumu ya lita 20 na orodha ya kaya, kila mti na kaya yake
- Muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye sahihi

Umeona miche haipo kwenye orodha. Miche inakuja mbali huko hatua ya 6, usiinunue sasa.

## Hatua ya 1: Pima jua, usilikisie

Hii hatua watu wanairuka na ndo inayowaua.

Tabora iko kama nyuzi 5 kusini mwa ikweta, kwahiyo jua linatupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka, siku za mwanzo za mwezi wa tatu na siku za mwanzo za mwezi wa kumi. Ile ya mwezi wa tatu mawingu na mvua vinatuokoa. Ya mwezi wa kumi inatukuta ardhi imekauka, nyasi zimeungua, mvua bado, hakuna wingu. Ndo maana Oktoba inachoma vile. Mchana wa siku hizo ukuta hata uwe mrefu vipi haukupi kivuli, kivuli chake kinakaa chini ya msingi wake. Kinachokufunika ni kitu kilicho juu ya kichwa chako tu: tawi, paa, turubai.

Na usipime saa sita kamili. Saa ya Tanzania nzima inafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, sisi tuko kama nyuzi 33, kwahiyo jua letu linachelewa. Mwezi wa kumi linafika utosini kama saa sita na dakika 37, mwezi wa tatu linakaribia saa saba.

Fanya hivi. Chomeka ile fito ya mita 1 katikati ya barabara, weka alama ya ncha ya kivuli kila saa kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni. Ukipima urefu wa kivuli cha fito umeshajua kivuli cha kila ukuta mtaani: fito ya mita 1 ikitoa kivuli cha mita 1, ukuta wa mita 3 unatoa mita 3. Oktoba hiyo inatokea kama saa tisa na nusu mchana. Ikifika saa kumi na nusu ukuta huohuo unatoa kama mita 5.

Alafu pima joto. Vipimajoto viwili vikae kwanza sehemu moja nusu saa, uone kama vinasoma sawa, visiposoma sawa andika tofauti yake. Baada ya hapo kimoja kitundike chini ya mwembe mkubwa ulio karibu, kingine barabarani kwenye kivuli kidogo cha kibao, vyote kimo cha kifua.

Hapa usikate tamaa. Tofauti ya hewa inaweza kuwa digrii moja au mbili tu, na wengine wanasema "kumbe mti hausaidii". Mwili wako haupati joto kwa hewa peke yake, unapata pia kwa jua linalokupiga moja kwa moja na kwa ardhi na kuta zinazokurudishia moto. Ndo kazi ya yale makopo meusi: ingiza kipimajoto ndani ya kopo, ziba mdomo kwa kitambaa, tundika moja juani na moja chini ya mwembe, subiri dakika 20 usome. Hapo utaona pengo kubwa, na hilo pengo linakaribia zaidi kile ambacho mama anayetoka sokoni na beseni kichwani anakisikia.

Andika saa nne, saa saba na saa kumi, kwa siku tatu zisizo na mawingu. Utayahitaji haya makaratasi mbele ya watu.

Utajua umefaulu ukiwa na mchoro wa mtaa wako unaoonyesha sehemu zinazopigwa na jua zaidi ya masaa sita, upepo unatoka wapi (kiangazi mara nyingi ni mashariki au kusini mashariki, ila vitambaa vyako ndo vitakuambia kwa mtaa wako) na watu wanapita wapi hasa. Njia ya watu na barabara iliyochongwa mara nyingi haviendani.

## Hatua ya 2: Maelewano na ruhusa

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa na mtendaji kabla hujamwambia mtu mwingine yeyote nje ya majirani zako. Omba mkutano wa wakazi, peleka mchoro na namba zako. Ukisimama mbele ya wazee na kusema "shikamooni, naomba tufunge barabara" umeshapoteza. Sema "mtaa wetu una mita 180 ambazo mtu hawezi kupata kivuli, watoto wanatoka shule saa saba na nusu wanapita hapohapo", alafu waache wenyewe waongee.

Barabara za ndani ya mji ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini ulioanza kazi 2017, na upangaji wa viwanja ni wa halmashauri kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Kwahiyo muhtasari wa mkutano unaupeleka kwa afisa mipango miji wa manispaa na kwa TARURA, ukiomba mabadiliko ya matumizi ya njia. Kama eneo lenu liko kwenye urasimishaji, yaani makazi yaliyojengwa bila kupimwa ndo yanapimwa sasa, hapo ndo dhahabu, maana mchoro bado haujafungwa na njia za waenda kwa miguu zinaweza kuchorwa humohumo. Ukisubiri mawe ya mipaka yashachimbiwa, utahangaika.

Tahadhari: usichimbie hata nguzo moja kabla ya barua ya ruhusa. Ninafahamu mtaa ambao nguzo zote zilikuja kung'olewa siku moja kwasababu hakuna karatasi, na baada ya hapo watu hawakutaka tena kusikia habari hii. Imani ya watu ikivunjika mara moja ni ngumu kuirudisha.

Ulizia pia bomba za maji zinapita wapi na nguzo za umeme zitaongezwa upande gani. Mti unaokua mita 12 chini ya waya wa umeme utakuja kukatwa kichwa ukiwa ndo unaanza kutoa kivuli, inauma sana kuona.

## Hatua ya 3: Gari likae pembeni, na bodaboda aelewe

Tafuta eneo la maegesho mwisho wa mtaa, lenye kivuli, ambalo nyumba ya mbali kabisa haizidi mita 150. Hiyo ni dakika mbili za kutembea. Zaidi ya hapo watu wataanza kuleta magari mpaka mlangoni usiku, na wana haki.

Nguzo zipangwe mita 1 na sentimita 20 kutoka moja mpaka nyingine. Gari halipiti, bajaji inashindwa, kiti cha magurudumu kinapita, baiskeli yenye madumu inapita, mkokoteni mwembamba unapita. Nguzo za katikati ziwe za kung'oka, ili magari ya dharura yapate pa kupita. Funguo ziwe tatu: mwenyekiti, na kaya mbili ambazo siku zote kuna mtu nyumbani. Usiku mgonjwa amezidiwa hakuna kutafutana.

Sasa bodaboda. Nikwambie wazi, hakuna nguzo itakayomzuia bodaboda bila kumzuia na mlemavu. Panapopita kiti cha magurudumu, pikipiki inapita. Kwahiyo hapa chuma hakifanyi kazi, yanafanya kazi maongezi. Nendeni kijiweni, kaeni nao, wapeni kona nzuri ya mtaa wajenge kibanda chenye paa na benchi, tena muwe wa kwanza kuwapandia mti hapo. Mkubaliane: abiria wa kawaida anashukia kijiweni, mama mjamzito, mgonjwa, mzee na mwenye mzigo mzito wanapelekwa mpaka mlangoni kwa mwendo wa mtu anayetembea. Vijana wakiona wamepewa heshima wanakuwa walinzi wa utaratibu wenyewe, nimeliona hilo kwa macho yangu.

Mizigo mizito, cementi, magunia, godoro, iingie kwa mkokoteni au guta la kusukuma. Lamu punda wanafanya hiyo kazi mpaka leo.

Huko Tempe, jimbo la Arizona Marekani, kuna mtaa unaitwa Culdesac, wakazi wa kwanza walihamia 2023, eka kama 17, wakazi hawapewi maegesho kabisa. Joto lao linatuzidi mbali. Walichofanya ni kujenga karibu na treni ya mjini, nyumba nyeupe, vinjia vyembamba katikati. Sisi treni ya mjini hatuna, ila baiskeli tunazo, na Tabora ni tambarare kiasi kwamba baiskeli inaweza kumfikisha mtu sokoni bila kuhema. Maegesho ya baiskeli yenye kivuli yajengeni mapema kuliko ya magari.

## Hatua ya 4: Gawa upana wa barabara

Chukua tepu na chokaa. Tuchukue barabara ya mita 9, upana wa kawaida kwenye mitaa iliyopimwa.

Ukikumbuka ile hesabu ya fito, ukuta wa mita 3 saa tisa na nusu unafunika mita 3 tu, theluthi ya barabara. Ingekuwa njia ya mita 3 ingefunikwa yote. Ndo siri ya vichochoro vya Mji Mkongwe, njia nyembamba na nyumba za ghorofa. Sisi nyumba zetu ni za chini, kwahiyo tukiiga wembamba peke yake tutapata kivuli cha asubuhi na jioni, mchana tutaungua bado. Lazima uongeze miti.

Barabara inayoenda kaskazini na kusini igawe hivi: upande wa magharibi mita 3 na nusu za miti na mabaraza, katikati mita 4 za njia iliyo wazi, upande wa mashariki mita 1 na nusu za mfereji na vichaka vifupi. Kwanini miti magharibi? Kwasababu jua kali la mchana na jioni linatokea huko, na jioni ndo watu wako nje.

Barabara inayoenda mashariki na magharibi ni mtihani zaidi. Jua linatembea juu yake kwa urefu siku nzima, linaingia kama maji kwenye bomba. Hapo panda pande zote mbili kwa zigizaga, mti wa upande huu uangalie nafasi iliyo wazi upande ule, ili jua la chini la jioni likipita pembeni ya mti mmoja likutane na mwingine. Kwenye makutano yenye upana wa kutosha gari la dharura kuzunguka, panda mmoja katikati kabisa. Mti katikati ya barabara, jambo ambalo gari lisingekuruhusu kamwe.

Tahadhari kubwa: zile mita 4 za katikati ni takatifu. Gari la zimamoto, la wagonjwa, boza la maji na gari la majitaka lazima vipite, na hakuna nyumba iwe zaidi ya mita 45 kutoka kwenye hiyo njia. Hakuna genge hapo, hakuna kirundo cha matofali. Msiba ukitokea turubai linawekwa kwenye nafasi ya mabaraza.

Chora na chokaa, acha wiki mbili watu waishi nayo. Watoto watakuonyesha ulipokosea, watapita pale wanapotaka wao. Futa, chora tena.

## Hatua ya 5: Maji ya mvua yaende kwenye mizizi

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Bati la mita 60 za mraba, mvua ya milimita 10 tu, ni lita 600, na sisi tunaiacha ikimbilie mtaroni ikale barabara.

Chimba mfereji mpana usio na kina kirefu, kama sahani, kina cha sentimita 20 hadi 30, unaoshuka taratibu na kuingia kwenye mabonde ya miti. Bonde la mwisho liwe na mdomo wa kutolea maji ya ziada kwenye mtaro mkubwa. Udongo wetu sehemu nyingi ni kichanga, unakunywa haraka. Maji yote yawe yameisha ndani ya siku mbili, yakibaki mnafuga mbu.

Juu ya njia usimwage zege lote. Zege na lami vinameza jua mchana na kulirudisha usiku, ndo maana kuna nyumba watu wanalala nje mpaka saa sita usiku. Weka changarawe iliyoshindiliwa au pevingi ya rangi iliyofifia yenye nafasi katikati maji yaingie. Pevingi nyekundu iliyokolea au nyeusi inapendeza siku ya kwanza tu.

## Hatua ya 6: Miti, na hapa tulia

Aina. Swali la kuuliza ni moja: mwezi wa tisa na wa kumi huu mti una majani? Mkrismasi ni mzuri, maua yake mekundu kila mtu anayapenda, lakini kiangazi unapukutisha, unakuacha uchi wakati joto liko kileleni. Ile miti mirefu myembamba kama mshumaa inayoitwa ashoki kivuli chake ni cha mtu mmoja. Mkaratusi usiulete kabisa, unakunywa maji sana na kivuli chake ni chepesi. Mkuyu mpe uwanja mkubwa mbali na nyumba, mizizi yake inang'oa misingi.

Mwembe ndo mfalme wetu, Tabora nzima inajua. Majani mwaka mzima, kivuli kizito. Ila uwe mita 5 au zaidi kutoka kwenye msingi na shimo la choo, na kutoka mwembe hadi mwembe mita 10. Ukitaka kivuli chukua mwembe wa mbegu, huu wa kubebeshwa unazaa mapema lakini unabaki mfupi. Weka sehemu za wazi, makutano, kijiweni. Kwenye ule ukanda mwembamba wa mita 3 na nusu panda mwarobaini, shina likae kama mita 2 na nusu kutoka ukutani, mti hadi mti mita 7 au 8. Unavumilia ukame kuliko mwembe na unakua haraka. Mkungu nao ni mzuri kwenye mabaraza, matawi yake yanakaa kama mwavuli, ingawa kuna kipindi unaangusha majani kwahiyo usiutegemee peke yake.

Changanya. Ugonjwa ukija usikute mtaa mzima una aina moja.

Idadi. Hesabu maji kwanza. Mche mmoja kiangazi unataka dumu la lita 20 mara mbili kwa wiki, kuanzia mwezi wa tano mpaka mvua za Novemba, hiyo ni zaidi ya lita 1,000 kwa mche mmoja. Miche 40 ni zaidi ya madumu 2,000. Nani atayabeba? Ndo maana arobaini inakufa. Kaya 25 pandeni miche 25, kila mmoja una mwenyewe, jina liandikwe kwenye daftari.

Mashimo chimba Septemba au Oktoba, sentimita 60 kwa 60 kwa 60. Udongo wa juu weka kushoto, wa chini weka kulia.  Shimo likae wazi wiki kadhaa jua lipige. Mvua zikikaribia changanya udongo wa juu na samadi debe mbili, rudisha huo kwanza, alafu ziba.

Siku ya kupanda. Mvua ya kwanza inadanganya. Inapiga mbili tatu Novemba, watu wanakimbia kupanda, alafu inakata wiki tatu. Chimba kwa mkono: kama unyevu haujashuka kiasi cha mkono mpaka kiwiko, subiri. Mara nyingi unajikuta umepanda mwisho wa Novemba au Desemba, na ni sawa kabisa.

Mche wenye kimo cha sentimita 30 mpaka 60 unatosha. Mkubwa sana kwenye kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kuoteshea, mizizi imeshajizungusha. Chana kiriba chote ukitoe, narudia, kitoe, nimefukua miche mingi iliyokufa nikakuta kiriba kizima kimo chini. Shingo ya mche ibaki usawa uleule uliokuwa kitaluni. Shindilia kwa mguu polepole, mwagilia hata kama mvua inanyesha.

Mchwa na mbuzi. Hawa wawili nao wanaua, sio ukame peke yake. Matandazo ya nyasi weka duara kuzunguka mche lakini acha kiganja kimoja wazi kutoka kwenye shina, majani makavu yakigusa shina umemwandalia mchwa meza. Majivu ya kuni nyunyizia kuzunguka, yarudie mvua ikiyaosha. Mbuzi dawa yake ni uzio wa fito na miiba kimo cha kifua kwa kila mche, siku hiyohiyo ya kupanda, sio kesho. Kesho utakuta kijiti.

## Hatua ya 7: Kuta, mabati, upepo

Kivuli bila upepo ni joto la kubanwa. Ukuta wa tofali wa mita 2 na nusu kuzunguka kila nyumba unageuza mtaa kuwa korongo la moto. Upande unakotoka upepo shawishi majirani watumie michongoma, au ukuta wenye tofali za matundu. Wengi wanajenga ukuta kwa kuogopa wezi, naelewa. Ila mtaa ambao watu wanakaa barazani mpaka saa tatu usiku, mwizi anakuwa na macho mengi ya kuyakwepa.

Matawi yapogolewe chini mpaka mita 2 na nusu pembeni, na juu ya ile njia ya mita 4 yasishuke chini ya mita 4. Upepo upite chini, na usiku joto lipate pa kutokea. Msizibe mtaa mzima kwa matawi, acheni mapengo ya anga hapa na pale.

Bati paka rangi nyeupe ya paa, weka silingi bodi, acha matundu ya hewa juu ya ukuta pande mbili zinazotazamana. Haya mabati ya rangi ya damu ya mzee na bluu iliyokolea yanauzika sana lakini yanakunywa jua. Nyumba mpya ikipata nafasi, upande mrefu utazame kaskazini na kusini, jua la asubuhi na la jioni likute ukuta mfupi. Zilizopo tayari ziongezewe varanda ya mita 1 na nusu upande wa magharibi.

## Hatua ya 8: Kivuli cha kungojea miti

Mwarobaini ukitunzwa unaanza kumfunika mtu mwaka wa tatu au wa nne, mwembe zaidi. Katikati hapo watu wanachoka, na hii ndo sababu nyingine ya mitaa kurudisha magari.

Kwahiyo mwaka huohuo wa kwanza wekeni vivuli vya muda. Fito nne na paa la nyasi juu ya baraza. Neti ya kivuli kwenye mita zile mlizoona hatua ya 1 zinaungua zaidi. Mpasheni au maboga yatambae juu ya kichanja, miezi michache umeshafunikwa. Freetown kule Sierra Leone waliweka mapaa ya kivuli juu ya wauzaji wa masoko ya wazi, kitu rahisi tu.

Lengo: mtu asitembee juani zaidi ya mita 30 bila kukutana na kivuli. Pima kwa hatua, mpe bibi wa mtaa atembee nawe, pale atakaposimama kupumzika ndo panahitaji benchi.

## Hatua ya 9: Viangazi viwili vya mwanzo

Kuanzia Mei umwagiliaji uanze bila kusubiri mche uonyeshe kiu. Mwagilia jioni, taratibu, au chimbia chupa ya lita moja na nusu iliyotobolewa chini karibu na mizizi ujaze hapo, maji hayapotei juu. Maji ya kuoshea mboga na ya kusuuzia nguo yanafaa, yenye jiki au chumvi hapana.

Jumapili moja ya kila mwezi watu watatu wapite na daftari, mti kwa mti. Mche uliokufa usiandikwe kimya kimya, nendeni kwa hiyo kaya mkae, muulize kulikoni. Unakuta baba amesafiri, mama ana mtoto mchanga, maji ya bomba yalikatika wiki mbili. Jirani anachukua ule mti kwa muda. Shimo la uliokufa linaandaliwa upya Septemba, na mche mwingine unaingia Desemba.

Oktoba ikifika rudisheni yale makopo meusi mawili palepale mlipopimia mwanzo, saa nne, saa saba, saa kumi, siku tatu zisizo na mawingu. Mwaka wa kwanza mtaona tofauti chini ya vichanja na neti tu. Mwaka wa pili andikeni tena. Namba hizo zibandikwe kwenye ubao pale kijiweni, kila mtu azisome akisubiri bodaboda.